Mwalimu anauliza: duka la shule liache kuuza soda?

Swali, kutoka kwa mwalimu wa shule ya msingi, Temeke, Dar es Salaam:

"Mimi ni mwalimu wa Elimu ya Kujitegemea na ndiye ninayesimamia duka la shule. Kwenye kikao cha kamati ya shule wazazi wawili walisimama wakataka tuache kuuza soda, kwamba zinawaharibia watoto meno na zitawaletea kisukari. Mwalimu mkuu hakupinga, ila alikumbusha kwamba faida ya duka ndiyo inayonunua chaki na kumlipa mlinzi. Mimi nina mashaka yangu. Nje ya geti wauzaji wamejaa. Tukiacha sisi, watoto si watanunua huko huko? Halafu watoto wetu wengi ni wembamba, sijaona mnene wa kutisha. Kikao kinarudi mwezi ujao na nimepewa kazi ya kuleta maoni ya mtaalamu. Tuache au tusiache?"

Jibu:

Mwalimu, acheni. Ila msiache kesho, na msiache soda peke yake. Nimeona shule ikiondoa soda Jumatatu, na kufikia Ijumaa friji lile lile limejaa juisi za boksi na wazazi wanapongezana. Kwa mtoto hapo hakijabadilika kitu zaidi ya rangi ya chupa. Kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu kidogo, maana kikaoni utaulizwa maswali ambayo neno "acheni" halitayajibu.

Anza na chupa yenyewe. Itoe kwenye friji lenu, igeuze, usome maandishi madogo. Utakuta sukari imeandikwa kwa kila mililita 100, na soda nyingi za kawaida zinaangukia kwenye gramu 10 au 11. Baadhi ya zile za ladha ya matunda huzidi hapo. Mzazi akiona "10.6" anadhani ni kidogo. Lakini mtoto hanywi mililita 100, anamaliza chupa. Ya mililita 350 ina takriban gramu 37 za sukari, na ya nusu lita inafika 53. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kinabeba kama gramu 4, kwa hiyo chupa ndogo ni vijiko tisa na kidogo. Wape darasa la tano wapige hesabu hiyo wenyewe, kisha mmoja apime vijiko vyote tisa ndani ya glasi mbele ya wenzake. Hilo ni zoezi ninalolipenda. Mara zote walimu ndio wanaoshtuka. Watoto huuliza kama wanaruhusiwa kuilamba.

Sasa linganisha na kipimo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2015: sukari ya kuongezwa, pamoja na ile iliyomo kwenye asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati yote ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Kwa mtoto anayehitaji kilokalori 1,600 hivi kwa siku, asilimia 10 ni gramu 40, na asilimia 5 ni gramu 20. Chupa moja ya saa nne asubuhi imeshamaliza karibu kila kitu, na bado hatujahesabu uji aliokunywa nyumbani wala chai ya jioni, ambayo sisi watu wa Pwani tukiiweka sukari tunaiweka kweli kweli.

Kuhusu kisukari, waombe wale wazazi wapunguze kidogo maneno, ili hoja yao isije ikaangushwa na mtu mmoja mjuaji. Mtoto hapati kisukari kwa sababu alikunywa soda juzi. Kisukari cha aina ya kwanza, ambacho ndicho huwapata watoto zaidi, hakisababishwi na sukari kabisa. Kile cha aina ya pili kinajengeka kwa miaka, uzito ukichangia, na tayari kipo majumbani mwetu: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta asilimia 9.1 ya Watanzania wenye umri wa miaka 25 hadi 64 wanacho. Watu hao hawakuanza kuzoea sukari wakiwa na miaka arobaini. Ulimi wa mtoto wa miaka minane unafundishwa kila siku kwamba kiu huzimwa na kitu kitamu, na somo hilo shule inalifundisha kwa kuliuza.

Kama kikaoni kuna mtu wa kutaka ushahidi, mpe huu. Watafiti wa Uholanzi waliwapa watoto 641, wa miaka 4 hadi 11, kopo moja la mililita 250 kila siku kwa miezi 18. Nusu yao kinywaji kilikuwa na sukari, nusu kilikuwa na kitamutamu kisicho na nishati, na hakuna mtoto aliyejulishwa lipi ni lipi. Matokeo yalitoka mwaka 2012: waliokunywa chenye sukari waliongezeka kilo 7.37, wenzao kilo 6.35. Kilo moja ya ziada, kwa kopo moja dogo kuliko chupa inayouzwa dukani kwenu.

Utaniambia, hao ni Waholanzi, wetu ni wembamba. Hoja hiyo ndiyo ninayokutana nayo mara nyingi kuliko zote, na ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa sababu ina ukweli ndani yake lakini inahitimisha kinyume. Mtoto mwembamba wa Mbagala au Tandika mara nyingi ametoka nyumbani bila kunywa chai. Mfukoni ana mia tano au elfu. Saa nne anataka kushiba. Soda na andazi moja vinampa kushiba kwa haraka: tumbo linajaa gesi, sukari inapanda kichwani, njaa inanyamaza. Lakini ndani ya ile chupa kuna kama kilokalori 150 na protini sifuri, madini ya chuma sifuri, vitamini sifuri. Kwa pesa hiyo hiyo au pungufu angeweza kula yai la kuchemsha, lenye gramu 6 hivi za protini, au karanga, au muhogo wa kuchemsha na chungwa. Mtoto mnene anapokunywa soda anaongezewa asichokihitaji. Yule mwembamba ananyang'anywa nafasi ya mlo pekee aliokuwa nao mpaka saa nane mchana. Nchi ambayo utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa haina sababu ya kuuza maji ya sukari kama chakula cha wembamba. Wale waliodumaa wakiwa wadogo ndio hao baadaye wanakaa darasa la pili.

Meno nayo. Hapa wazazi wako wako sahihi, na kuna jambo moja la kwetu ambalo watu hawaliangalii. Zamani soda ilikuwa ya chupa ya kioo. Mtoto alisimama dukani, akanywa, akarudisha chupa, akaondoka. Siku hizi ni ya plastiki yenye kifuniko. Anainunua saa nne, anapiga funda mbili, anaifunga, anaingia nayo darasani, anafungua tena mwalimu akigeukia ubao, na saa sita bado ina kidogo. Kwa jino hilo ndilo baya. Bakteria wa mdomoni wanakula sukari na kutoa asidi, na soda yenyewe tayari ni kali kwa asidi. Kila funda linafungua nusu saa hivi ya jino kushambuliwa, kisha mate yanaanza kurekebisha. Mtoto aliyemaliza chupa kwa dakika tano amepata shambulio moja. Aliyeinywa kidogo kidogo kwa saa mbili hakuyapa mate nafasi hata mara moja, ingawa sukari ni ile ile. Hata kabla kikao hakijakaa, unaweza kupiga marufuku chupa ya soda kuingia darasani. Hilo halihitaji kura ya mtu.

Sasa niingie kwenye sehemu ambayo shule nyingi huteleza. Marekani walishafika huko mbele yetu. Majimbo kadhaa yalikataza soda shuleni, mengine yakakataza vinywaji vyote vya sukari, na watafiti wakafuatilia wanafunzi katika majimbo 40, kutoka darasa la tano mwaka 2004 hadi la nane mwaka 2007. Palipokatazwa soda tu, watoto waliendelea kupata vinywaji vitamu shuleni kama kawaida; walihamia vya michezo na vya matunda. Palipokatazwa vyote, shuleni vilipungua kweli. Lakini ukijumlisha siku nzima, na nyumbani na mtaani, unywaji kwa ujumla haukubadilika.

Sikufichi tokeo hilo, kwa sababu mtu wa kuuza soda naye analijua. Linanifundisha mambo mawili. La kwanza, orodha ya kukataza ianze na sukari, isianze na jina la kinywaji: soda, juisi za boksi, juisi za unga wa rangi, barafu za ubuyu zilizotiwa sukari, vyote. Na juu kabisa ya orodha weka vile vinywaji vya kuongeza nguvu, ambavyo naona watoto wa darasa la sita wanavinunua kwa kuwa ni bei rahisi na chupa yake inavutia. Hivyo havina mjadala. Vingi vina kama miligramu 30 za kafeini, kile kichangamsho cha kwenye kahawa, kwa mililita 100. Chupa ya mililita 300 ni miligramu 90. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya inakadiria kwamba kiasi kisicho na wasiwasi ni miligramu 3 kwa kila kilo ya mwili wa mtoto kwa siku. Mtoto wa kilo 25 anafikia ukomo kwenye miligramu 75, hajamaliza hata chupa. Akisinzia au akitetemeka kipindi cha mwisho, usimchape. Zile soda zisizo na sukari nazo usizilete kama suluhisho: asidi iko pale pale, na ulimi unaendelea kudai utamu.

La pili ni kwamba kuondoa peke yake hakuna nguvu. Lazima kitu kiwekwe mahali pake, na kitu hicho ni maji.

Ujerumani walijaribu hilo katika shule za msingi 32 za maeneo ya watu wa kipato cha chini kwenye miji ya Dortmund na Essen. Hawakukataza chochote. Kwenye kundi moja la shule hizo waliweka mabomba ya maji ya kunywa, na walimu wakafundisha vipindi vinne kuhusu maji. Baada ya mwaka wa masomo mmoja, hatari ya mtoto kuwa na uzito uliozidi ilikuwa chini kwa asilimia 31 kwenye shule zenye mabomba kuliko zile zisizokuwa nayo. Watoto waliongeza kama glasi moja ya maji kwa siku. Mimi kila nikiulizwa habari ya soda shuleni, hapo ndipo ninapopeleka mazungumzo.

Hebu nenda sasa hivi kaangalie maji ya shule yenu. Nahisi utakachokikuta: simtanki jeusi juani, bomba moja chini karibu na vyoo, kikombe kimoja cha plastiki kimefungwa kamba, au hakipo kabisa. Ikifika saa saba mchana mwezi wa Februari, Dar iko nyuzi 32 na maji ya lile tanki unaweza kuyatia majani ya chai. Halafu hatua ishirini kutoka hapo kuna friji lenye taa na soda ya baridi. Mtoto mwenye akili zake atakwenda wapi? Hapo tatizo si tamaa.

Kwa hiyo fanyeni hesabu ya maji kabla ya hesabu ya soda. Mkiwa na wanafunzi 1,200 na kila mmoja anywe nusu lita wakati wa masomo, mnahitaji lita 600 kwa siku. Tanki moja la lita 1,000 linatosha, likijazwa kila siku na likitumika kwa kunywa tu. Lijengeeni kivuli, hata cha makuti. Kivuli kinafanya kazi kubwa kuliko mnavyodhani. Kuna watakaopendekeza mitungi ya udongo. Ni kitu kizuri, ila kwa hewa ya Dar yenye unyevu mtungi haupoozi kama unavyopooza Dodoma, kwa hiyo msiutegemee peke yake. Mabomba yawe manne au matano kwenye mstari, mbali na vyoo, kwa urefu wa mtoto wa darasa la kwanza. Kila mtoto aje na chupa yake. Zile za soda zilizokwisha zitafaa ziking'aa kwa sabuni, mpaka zichoke.

Angalieni chanzo. Kama mna kisima na maji yake yana chumvi, kama ilivyo kwa visima vingi vya upande wenu wa Temeke na Kigamboni, jueni kwamba kuchemsha hakuondoi chumvi wala dawa haiondoi. Hayo yawe ya kufagilia na kumwagilia, ya kunywa yatoke kwenye bomba la DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam. Na hata ya bomba, yakishakaa kwenye tanki yatibiwe kwa klorini, yaachwe nusu saa, kisha yapimwe. Kiasi kinachotakiwa kubaki ni angalau miligramu 0.5 kwa lita. Afisa afya wa kata anaweza kuwaonyesha namna ya kupima. Usione ninasisitiza sana. Agosti 2015 kipindupindu kilianzia Kinondoni kikasambaa mikoani, na mzazi aliyepitia kipindi kile atakuambia kwamba soda ilikuwa salama kuliko maji. Hana makosa. Hoja yake inajibiwa kwa kipimo cha klorini kilichobandikwa kwenye tanki kila asubuhi, na tarehe yake.

Geti. Ni kweli watoto watanunua nje. Lakini mtoto anayenunua nje anajua amenunua mtaani. Anayenunua dukani kwenu, chini ya jengo lenye nembo ya shule, kwa mwalimu wake, anajua kitu hicho ni kizuri maana shule imekikubali. Tofauti hiyo pekee inanitosha. Zaidi ya hapo, msiwaite mgambo wa kuwamwagia akina mama ndoo zao. Nusu ya vinavyouzwa pale nje ni bora kuliko vya dukani kwenu: mihogo, karanga, maembe, matango ya chumvi. Waiteni kupitia mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kaeni nao, kubalianeni kwamba saa ya mapumziko hakuna soda wala vinywaji vya nguvu mbele ya geti, na badala yake wawili watatu waruhusiwe kuuza ndani kwa zamu, wakiwa wamepimwa afya. Mama anayeuza mihogo hatakataa kuingizwa kwenye kivuli.

Pesa ndiyo itakayowagawa, basi nenda na daftari la duka, usiende na maneno. Andika kreti ngapi mnauza kwa wiki, na faida halisi ya kila chupa baada ya kutoa umeme wa friji na chupa zilizopasuka au kupotea. Tuseme faida ni shilingi 100 kwa chupa: kreti ya chupa 24 inakuletea 2,400. Ukiuza kreti tano kwa siku, hiyo ni 12,000, si pesa ya kudharau kwa shule isiyotoza ada. Ila mayai ya kuchemsha na machungwa yana faida yake pia, na kwa kawaida mtaji unazunguka haraka zaidi. Machungwa ya Muheza yakishuka kwa wingi, gunia moja mkilinunua sokoni na kuuza chungwa moja moja lililomenywa, linganisheni wenyewe. Sera ya Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967, shule ilitarajiwa kuwa na shamba. Sidhani kuna aliyeota friji la soda. Hata hivyo siwezi kukuahidi kwamba muhula wa kwanza hamtapungukiwa. Mtapungukiwa. Mwambie mwalimu mkuu mapema, na kamati ikubali wazi kwamba mshahara wa mlinzi utachangiwa na wazazi kwa miezi hiyo, badala ya kuuacha utoke kwenye meno ya watoto wao bila wao kujua.

Jambo dogo la aibu: friji la ofisi ya walimu. Mkiendelea kutuma mtoto akawachukulie soda dirishani, marufuku yenu itadumu wiki. Siku za mahafali ya darasa la saba acheni watu wanywe soda zao kwa amani. Hakuna anayeugua kwa sherehe moja ya mwaka.

Kwa mpangilio, mimi ningefanya hivi: muhula huu tanki, kivuli, mabomba na klorini, na vinywaji vya nguvu vitoke mara moja. Soda na juisi zitoke muhula ukifungwa Juni, ili watoto warudi Julai wakute duka jipya. Kabla ya hapo tafuta makaratasi ya lile friji. Kama lililetwa na msambazaji wa soda, kuna uwezekano mmesaini kwamba halitawekwa bidhaa nyingine ndani, na pengine kibao cha jina la shule pale barabarani kimechorwa kwa makubaliano hayo hayo. Soma makubaliano yanaisha lini na friji linarudishwaje. Mkiweka maji na mayai ndani yake kabla ya hapo mtaanza kugombana na watu bure. Msiagize mzigo mpya kuanzia mwisho wa Mei. Kreti zitakazobaki ziuzeni kwa wazazi siku ya kuchukua ripoti, na kama bado mna chupa za kioo, zihesabu na uzirudishe kabla ya likizo, maana pesa ya dhamana ya chupa ikishachelewa kudaiwa, kuipata ni kazi.